Kishikwambi Hakingoji "Ila"

Wasomaji wangu wamezoea kunikuta hapa nikigombana na watangazaji juu ya upatanisho wa kisarufi, au na washairi chipukizi juu ya mizani iliyopelea. Leo ugomvi wangu ni na hojaji ya maswali 9 niliyokutana nayo katika kliniki ya kisukari. Nimeichelewesha makala hii kwa miezi kadhaa, kwa sababu siwezi kuieleza kasoro ya hojaji ile bila kuieleza kasoro yangu mwenyewe.

Nilikuwa nimempeleka mama mdogo, aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, katika hospitali moja jijini Dar es Salaam. Ni mtu wa Tanga, ameishi na kisukari kwa miaka 17, na mwaka uliotangulia alikuwa amekatwa kidole gumba cha mguu wa kushoto. Tulipokwisha kupima uzito na presha, muuguzi kijana, mwenye adabu na haraka zake, alimkabidhi kishikwambi. Siku hizi, alieleza, kila mgonjwa wa kliniki za kibingwa anajibu maswali machache kabla hajamwona daktari, ili ijulikane kama ana sonona au wasiwasi.

"Sonona ndiyo nani?" mama mdogo aliniuliza kwa sauti ya chini.

Kisha akakisogeza kishikwambi mbali, akakisogeza karibu, akakigeuza kuelekea dirishani. Kisukari kimekwisha kula macho yake. Muuguzi akaliona hilo. "Kaka, msaidie mama kusoma," akaniambia, akaenda kumwita mwingine.

Basi nikawa mimi, niliyefundishwa na bibi huyu kufunga vifungo vya shati, ndiye ninayemsomea maswali juu ya undani wa moyo wake, mbele ya watu wapatao 30 waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi wakingoja majina yao. La kwanza lilitaka kujua ni mara ngapi, katika wiki 2 zilizopita, amesumbuliwa na kutokuwa na hamu ya kufanya mambo.

"Hamu ya nini, mwanangu?"

Mwanamke wa benchi la nyuma akacheka. Nikamsomea majibu manne ya kuchagua: hata kidogo, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, karibu kila siku. Akafikiri. "Nusu ya siku," akasema, "ya asubuhi au ya jioni?"

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na nilijua papo hapo kosa liko wapi. Neno "siku" halibadiliki katika wingi. Mfasiri aliyeandika "zaidi ya nusu ya siku" alikusudia siku nyingi kati ya zile 14; msikilizaji anasikia saa. Mtu aliyelia kutwa nzima kwa siku moja tu anaweza kulichagua jibu hilo kwa unyofu kabisa na kupewa alama 2. Na mtu anayelia kila alfajiri kwa robo saa, siku zote 14, anaweza kuona kwamba yeye hajafika hata hiyo nusu. Wala hili si suala la ufasaha. Majibu yanageuzwa kuwa alama, na alama ndizo zinazoamua nani aitwe chumba cha ndani na nani aambiwe nenda salama. Ingetosha kuandika: siku 8 au zaidi kati ya hizi 14. Mtoto wa darasa la pili angelielewa.

Hilo neno "hamu" nalo lina mambo yake. Kwa matumizi ya leo ni shauku: hamu ya embe, hamu ya kumwona mtoto aliye mbali, na hiyo nyingine ambayo mwanamke wa benchi la nyuma aliicheka. Bibi wa Pwani anayeulizwa hadharani kama bado ana hamu ana haki ya kuuliza hamu ya nini. Lakini waliolelewa na tenzi wanaijua hamu ya pili, iliyotoka kwenye "hamm" ya Kiarabu, ambayo ni huzuni, uzito wa moyo. Kwa sikio la namna hiyo, kutokuwa na hamu ni kutokuwa na majonzi. Nakubali kwamba wenye sikio hilo wamebaki wachache; mmoja wao, hata hivyo, alikuwa amekaa pembeni yangu.

Swali la sita lilimuuliza kama "anajisikia vibaya". Hapa nilitamani kukirudisha kishikwambi kwa mwenyewe. Maswali haya asili yake ni Kiingereza, na palikusudiwa mtu anayejiona hana thamani, anayejihesabu kuwa ameshindwa, au kuwa amewaangusha watu wake. Kwa Kiswahili cha kawaida, anayejisikia vibaya ni mwenye kichefuchefu, kizunguzungu au homa. Ukimuuliza hivyo mtu aliyekaa katika kliniki ya kisukari tangu saa 12 asubuhi bila kutia kitu tumboni, atakujibu nini? Mama mdogo alijibu, "Leo ndiyo, nina njaa."

Juu ya sonona sitasema mengi. Nimelitetea neno hili katika makongamano, kwa kuwa ni letu, lina ndugu yake "sononeka" ambaye kila mtu anamjua, na linatupumzisha na ule "msongo wa mawazo" unaobebeshwa kila kitu kuanzia deni la duka mpaka wazimu. Bado nalitetea. Lakini hilo ni neno la daktari kumwandikia daktari mwenzake. Mgonjwa hana sonona. Mgonjwa ana mawazo, moyo wake mzito, roho haitulii, amechoka na nafsi yake, anajiinamia, ana kihoro, ana jitimai. Huo ndio utajiri wa lugha hii, na haukuwamo mle.

Na wasiwasi! Katika hojaji ya pili, yenye maswali 7, neno hilo lilirudiwa na kurudiwa. Kwa mtu wa bara, kuwa na wasiwasi na mtu ni kumshuku. Kwa mzee wa Kiislamu wa Pwani, wasiwasi ni mnong'ono wa shetani, ndio unaomfanya mtu arudie udhu mara tatu kwa kutojiamini. Kuukiri ni karibu na kukiri kwamba imani imelegea. Mama mdogo aliyajibu maswali yote 7 kwa "hata kidogo", na katika mawili aliongeza "audhubillahi".

Sasa nisidhaniwe kuwa naungana na wale wanaosema haya ni maradhi ya Wazungu, au kwamba daktari wa sukari ashughulike na sukari. Hasha. Maswali yale 9 yalitungwa Marekani na Robert Spitzer, Kurt Kroenke na Janet Williams, yakachapishwa mwaka 2001; yale 7 ya wasiwasi yakafuata mwaka 2006. Kila swali lina alama 0 mpaka 3, jumla ya juu kabisa ya yale ya sonona ni 27, na kwa kawaida anayefika 10 huhesabiwa kuwa anahitaji kuchunguzwa zaidi. Ni kipimo cha kuchuja tu, mfano wa chekecheo la unga: kinachobaki juu ndicho cha kutazamwa kwa macho. Watafiti wamekijaribu kwa Kiswahili Eldoret, Kilifi na Dar es Salaam kwenyewe, na kazi zao zilizochapishwa zinaonyesha kwamba kikifasiriwa kwa uangalifu kinafaa.

Tena kliniki za kibingwa ndipo mahali pake hasa. Inajulikana kwamba sonona huwapata watu wenye kisukari takriban mara mbili ya inavyowapata wasio nacho. Watafiti wa Montreal, huko Kanada, waliwafuatilia watu 222 walionusurika shambulio la moyo, na mwaka 1993 wakachapisha kwamba wale waliokuwa na sonona walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Uingereza, tangu mwaka 2009, madaktari wanaelekezwa kuwauliza wagonjwa wa maradhi ya kudumu angalau maswali mawili juu ya jambo hili. Njia si ngumu kuiona. Mtu aliyekata tamaa hachomi sindano yake, hapimi sukari, haoshi kidonda, anasahau tarehe ya kliniki, na anapoulizwa anasema alisafiri.

Hata chombo chenyewe sina chuki nacho. Kishikwambi hakichoki, hakibagui, hakinuni mgonjwa anapochelewa kujibu, na kuna mambo ambayo kijana atakiambia kioo asiyoweza kumwambia daktari wa rika la baba yake. Lakini faida hiyo yote ni ya faragha, na faragha ile iliondoka pale nilipoambiwa nimsaidie mama. Kliniki ya kisukari ina watu wengi ambao macho yao yameshambuliwa na ugonjwa uleule unaowaleta. Kuwapa maandishi madogo ni kuwalazimisha waazime macho ya ndugu, na macho ya ndugu huja na masikio ya ndugu. Chombo hicho kinacheza muziki na kuonyesha mpira. Hakishindwi kumsomea bibi maswali kupitia vipokea sauti vya masikioni, kwa sauti ya mwanamke mtu mzima mwenye lafudhi ya huku kwetu. Kilichokosekana ni mtu wa kulifikiria hilo.

Nije kwenye jambo ambalo haliponi kwa kurekebisha tafsiri.

Tazama maamkizi yetu. "Hujambo" ni kuulizwa kama huna jambo, yaani shida. Na "sijambo" ni kukana. Tunaanza kila mazungumzo kwa kukana. Nimewahi kumsikia mtu aliyevunjika paja, yuko kitandani mguu umening'inizwa kwa jiwe, akijibu "sijambo" bila kusita, na hakuwa akisema uongo. Jibu la kwanza la Mswahili ni adabu. Ni kumkaribisha mwulizaji, kumwambia kwamba ameonwa na kwamba hatatwishwa mzigo mlangoni. Ndiyo maana maamkizi yetu ni marefu: habari za kuamka, za nyumbani, za watoto, za tangu juzi. Mgeni huyaona kuwa ni kupoteza wakati. Lakini aliyekulia humu anajua kwamba katika duru ya tatu au ya nne, sauti ikishuka kidogo, hutokea neno "ila". Salama, ila. Tunamshukuru Mungu, ila. Baada ya "ila" ndipo mtu anapoanza kusema.

Kishikwambi hakingoji "ila". Ukigusa jibu la kwanza kinakupeleka swali linalofuata.

Mama mdogo alimaliza maswali yale yote 9 akiwa na alama 2: moja ya usingizi, kwa kuwa anaamka usiku kwenda haja ndogo, na moja ya uchovu. Hata hizo alama 2, ukitazama vyema, ni za kisukari chenyewe. Kukosa usingizi, uchovu na chakula kutopita ni dalili zinazogawanywa kati ya maradhi mawili, na mashine haina njia ya kujua ni za lipi. Kioo kikageuka kijani, kikaandika kwamba hakuna dalili za sonona. Daktari bingwa aliutazama ukurasa ule kwa muda wa kufumba na kufumbua, akaongeza kipimo cha insulini, akatupa tarehe ya miezi 3 mbele.

Lakini nimesema mama mdogo alimaliza maswali 9, na hapo nimesema uongo. Alimaliza 8.

La tisa linauliza kama mtu amepata mawazo kwamba ingekuwa heri afe, au ya kujidhuru kwa namna yoyote. Nililisoma kimoyomoyo. Nikamtazama: mtandio umekaa sawasawa, mikono juu ya mkoba, mguu wenye kiatu kilichokatwa mbele ili kisiguse kidonda. Kwa lugha ipi nimuulize mzazi wangu, mbele ya benchi zima, kama anatamani kufa? Kwa malezi yangu, huko ni kumtabiria. Basi nikagusa "hata kidogo" kwa kidole changu mwenyewe, nikamwambia, "Tumemaliza, mama." Akasema ahsante.

Nimejitafutia udhuru mara nyingi. Nimejiambia kwamba hata ningeuliza, angenijibu "Mungu apishe mbali" na alama ingekuwa ileile. Huenda. Nimejiambia pia kwamba sheria nayo inatisha: kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamhesabu anayejaribu kujiua kuwa ametenda kosa, na ingawa wazo si jaribio, mgonjwa wa kawaida hapimi tofauti hiyo anapoona jina lake na namba ya kadi yake juu ya kioo cha hospitali. Jirani zetu Kenya walikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226, mpaka Januari 2025 Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kinapingana na Katiba. Hoja hizi zina uzito wake, na katika mjadala wa sera nitazirudia. Pale kwenye benchi, hata hivyo, sikuwa nikiwaza kifungu chochote. Niliona haya tu.

Wiki ya tano baada ya hapo tulimkimbiza hospitali usiku, sukari imepanda, anapumua kwa kasi, hasemi. Nilipokuwa nikikusanya dawa zake nilifungua jokofu, nikakuta chupa 3 za insulini ambazo hazijaguswa, zimepangwa nyuma ya mtungi wa ndimu za kuchachuka. Alikuwa ameacha tangu kabla ya kliniki. Dalili nyingine nilikuwa nimeziona nisizisome. Huyu ndiye aliyenifundisha kutunga; tangu nikiwa mvulana, kila shairi langu lilipita kwake kwanza, naye hakuniachia kina kilicholegea. Miezi ile nilikuwa nikimsomea, naye anasema "zuri, mwanangu." Nilidhani hatimaye nimekuwa mshairi.

Alipopata nafuu, wodini kulikuwa na muuguzi mtu mzima, wa kukaribia kustaafu. Asubuhi moja nilirudi na chupa ya chai nikamkuta amekaa kwenye ncha ya kitanda, pazia limevutwa. Nikasimama nje ya pazia. Sikukusudia kusikiliza; nilikusudia kusubiri, ila nilisikia.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Umeamkaje?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Na nyumbani Tanga, hawajambo?"

"Salama wote."

"Mguu je, unakuachia ulale?"

"Unaniachia. Ila..."

Muuguzi hakudakia. Nilisikia shuka likikunjwa, taratibu, na likikunjwa tena. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nazi: "Dada, kuna usiku unaomba kusikuche?"

Kimya kilikuwa kirefu. Halafu mama mdogo akajibu: "Karibu kila siku."

Ni maneno yaleyale ya jibu la nne, lenye alama 3. Yalikuwamo kwenye kioo tangu mwanzo.

Muuguzi yule hakuwa na kipaji cha mbinguni. Alikuwa na dakika 10 na pazia, na alijua kwamba mtu wa rika lile haulizwi kifo kwa jina lake. Swali lake ni lile la tisa, limefasiriwa kama inavyostahili, wala halikupoteza kitu. Na baada ya kujibiwa alikuwa na pa kulipeleka jibu: alimwita daktari wa afya ya akili mchana uleule, na mama mdogo akaanza dawa na mazungumzo ya kila wiki ambayo mpaka leo anayaita "kwenda kwa yule mtoto".

Hapo ndipo ninapowauliza wanaosambaza vishikwambi: jibu linakwenda wapi? Mwaka 2013 jopo la kitaifa la Kanada lilishauri watu wazima wasio na dalili dhahiri wasichunguzwe sonona kwa mazoea katika huduma za msingi, kwa kukosa ushahidi kwamba kuwachunguza wote kunawafaa. Wamarekani, wanaounga mkono uchunguzi huo, walianza kwa kuweka sharti kwamba mfumo wa kumtibu anayegundulika uwepo kwanza. Wanabishana, ila katika hilo wanakutana. Alama isiyo na mtu wa kuipokea ni kama barua iliyotiwa kwenye sanduku ambalo posta imekwisha kulisahau. Nasi tuna wataalamu wachache mno wa afya ya akili. Kwa hiyo nani ataketi kwenye ncha ya kitanda?

Wazimbabwe walilijibu swali hili kwa kuanzia kwenye lugha. Wanaozungumza Kishona wana neno "kufungisisa", yaani kufikiri kupita kiasi. (Kwao kufunga ni kufikiri, msomaji asishangae, ndugu wa Kibantu hupeana maneno na kusahau maana zake.) Vikram Patel na wenzake huko Harare hawakufasiri hojaji ya kigeni. Walikusanya namna wagonjwa wenyewe wanavyoeleza dhiki zao, wakatunga maswali 14, yakachapishwa mwaka 1997. Kisha kuanzia mwaka 2006, Dixon Chibanda, daktari wa magonjwa ya akili, akaweka benchi la mbao nje ya kliniki katika mtaa wa Mbare, akawafundisha bibi wa mtaani kuuliza maswali hayo, kusikiliza na kumsaidia mtu kutafuta njia ya tatizo moja baada ya jingine. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba waliokaa na bibi hao walipungukiwa na dalili kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Tunayo mabenchi. Bibi tunao, tena wenye ndimi kuliko wowote ninaowajua. Kinachoweza kufanywa na kishikwambi ni kumkumbusha muuguzi nani bado hajaulizwa, kutunza alama za mwezi huu zilinganishwe na za mwezi ujao, na kupiga kengele pale jibu la tisa linapokuwa si "hata kidogo", ili mtu asimame aje. Kuuliza kwenyewe kuwe na sura ya binadamu, angalau kwa wale ambao kioo hakiwafai.

Nasi watu wa lugha tusijitoe. Tafsiri ile ilipitiwa na mtu. Huenda aliipata usiku, ikitakiwa asubuhi, kwa malipo ya kurasa mbili; najua hali hiyo, nimeifanya. Washairi na walimu wa Kiswahili wakiitwa kupitia hojaji za hospitali, waende na mama zao wadogo, wawasomee kwa sauti, wasikilize wapi wanacheka na wapi wanauliza "ya asubuhi au ya jioni?"

Wiki ya pili baada ya kuruhusiwa, mama mdogo aliniletea ujumbe wa sauti kwenye simu. Alikuwa ametunga ubeti, wa kwanza baada ya mwaka mzima. Ameniruhusu niuweke hapa:

Nimechoka si kwa kazi, wala jua kunichoma,
Usiku huwa simanzi, mchana huwa ni homa,
Naulizwa kwa ujuzi, nami nashindwa kusema,
Sijambo ni neno jema, moyo halijauponya.

Nasikitika kusema kwamba nilihesabu mizani kwanza. Ilitimia yote. Ni mara ya pili nilipousikiliza ndipo niliposikia anachosema.

Tarehe ya kliniki ilipofika, kishikwambi kilikuwa kilekile, na nusu ya siku ilikuwa palepale. Muuguzi kijana aliniambia, kama kawaida, nimsaidie mama kusoma. Nikamwambia siwezi, mimi ni mtoto wake, naomba asomewe na mtu mwingine, mahali penye mlango. Akanitazama kama mtu anayetafuta makuu, akasema hakuna wa ziada. Tulibishana kwa heshima. Mwishowe mwanafunzi mmoja wa uuguzi akajitolea, akamshika mama mdogo mkono, wakaingia chumba cha sindano, mlango ukafungwa.

Nilikaa nje karibu na feni mbovu. Walichukua dakika 20. Foleni ikanung'unika, na mzee mmoja akauliza huyo ndani ni mke wa nani. Mama mdogo alipotoka alinipa mkoba wake niushike, akaniuliza kama nimekwisha kumpigia mtu wa bajaji. Sikumuuliza alijibu nini.